Naomba ushauri: biashara ya kuunda na kuuza kompyuta hapa Dodoma, mtaji 4,500,000

Kijana wa Nkuhungu:
Wakuu habari zenu. Ni mwajiriwa, nina mke na mtoto mmoja, naishi Nkuhungu. Mshahara haufiki katikati ya mwezi. Tumekuwa tukiunganisha kompyuta za mezani kwa marafiki na majirani: tunatafuta bodi, prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda), SSD (diski ya kuhifadhia), pawa saplai na boksi, tunaunganisha usiku nyumbani, mtu anapata mashine kwa mahitaji yake. Sasa nataka iwe biashara ya pembeni. Mtaji upo, 4,500,000. Vipuri ninunue Kariakoo au niagize China? Nipange fremu au nifanyie nyumbani? Naombeni majibu mapema, nataka kuamua kabla Juni haijaisha. Usingizi sipati.

Mkulima wa Hombolo:
Mbukwenyi! Ndugu yangu, kwa hela hiyo njoo huku tulime zabibu. Dodoma mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka. Kompyuta ukiiweka stoo miezi sita imeshazeeka, wenzako wameleta toleo jipya. Mimi niliacha duka la simu pale Majengo nikarudi shamba kwa baba, na sasa hivi nasomesha watoto. Mwaka wa kwanza ni wa nguzo na waya tu, hapo ndipo wengi wanakata tamaa, lakini ukivuka...

Fundi Solda:
Mkuu wa zabibu, fungua uzi wako tuje kukusoma, mwenzio kauliza kompyuta.

Mleta uzi, usiagize China kwa mtaji huo. Kipuri kibovu utamrudishia nani? Kariakoo unapanda treni asubuhi, unakagua kwa macho yako, jioni umerudi na mzigo. Fremu usipange kwanza, kodi itakula mtaji kabla hujapata jina.

Jambo la pili, usiwategemee wanafunzi wa UDOM. Mwanafunzi anahama hosteli kila mwaka, anataka laptopu. Kompyuta ya kuunda inanunuliwa na anayekaa sehemu moja: steshenari za Ng'ong'ona, wapiga picha za harusi wanaohariri video, studio za muziki, wachoraji wa ramani za nyumba. Hawa kazi yao ni nzito na laptopu ya bei ya kawaida inawachemkia.

Halafu zingatia hali ya huku. Vumbi la Dodoma linaziba feni na hitasinki, kile chuma cha kupoza prosesa, haraka sana, hasa kiangazi. Boksi liwe na chujio linalochomoka, na umwambie mteja alete mashine isafishwe. Pawa saplai ndiyo usiibanie hata kidogo. Niliwahi kumuundia mtu mashine nzuri, akaenda dukani kwingine akabadilishiwa pawa saplai ya bei rahisi ili apate feni za rangi. Umeme ulikatika, uliporudi ukaja na nguvu, ile saplai ikafa na bodi na SSD yenye kazi za wateja wake. Alikuja kwangu analia. Tangu siku hiyo kompyuta haitoki kwangu bila kumshauri mtu achukue na UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, na kwenye risiti naandika waranti inahusu nini na haihusu nini.

Dada Steshenari:
Nakazia ya Fundi. Mimi ni mteja wa hizo mashine. Vyuo vikifungua foleni inafika nje, watu wanachapa fomu. Kompyuta ikizima siku hiyo sitaki kusikia ina prosesa gani, nataka mtu anayepokea simu na kuja. Hapa mjini wauzaji nawaona wengi. Anayerudi baada ya kuuza ndiye ninayemtafuta. Mleta uzi, wewe ni mwajiriwa, mchana nani atakuja kwangu?

Kijana wa Nkuhungu:
Asanteni sana. Dada, kuna shemeji yangu tutakuwa naye, yeye anashinda nyumbani. Fundi, ushauri wa UPS nimeuchukua.

Mpita Njia wa Area D:
Kaka, swali moja. Kwa nini kabla Juni haijaisha?

Kijana wa Nkuhungu:
Kuna mteja anahitaji mapema.

Mpita Njia wa Area D:
Tarehe 30 Juni Serikali inafunga mwaka wa fedha. Hapa Dodoma mtu akiwa na haraka ya Juni tunajua anakimbizana na bajeti ya nani. Mteja ni nani, na anataka ngapi?

Kijana wa Nkuhungu:
Ni taasisi. Kompyuta 12.

Fundi Solda:
12 kwa mtaji wa milioni nne na nusu? Zilizobaki utazinunua na nini?

Kijana wa Nkuhungu:
Duka la Dar limekubali tulipe kianzio, salio baada ya kulipwa.

Mpita Njia wa Area D:
Taasisi ipi? Jina usitaje, sema tu unahusiana nayo vipi.

Kijana wa Nkuhungu:
Sawa, naona hamtaniacha. Ni ofisi ninayofanyia kazi. Niko kitengo cha ununuzi.

Lakini kabla hamjanishukia, sikilizeni. Jina la biashara ni la shemeji, BRELA ameshasajili, TIN anayo, NeST, mfumo wa zabuni za Serikali, ameshaingia. Mimi sionekani popote. Bei yetu iko chini kuliko ya wale wanaouziaga ofisi kila mwaka, tena wanaleta mashine zinazokufa. Serikali inaokoa hela, wafanyakazi wanapata vifaa vizuri, na mimi nalisha familia. Nani ameumia hapo? Kianzio nimeshalipa, milioni moja na nusu. Swali langu ni la kompyuta, sikuuliza sheria.

Mstaafu wa Makole:
Mwanangu, nimekaa ugavi maisha yangu yote ya kazi, niruhusu nikuambie kama mzazi. Unaposema "mimi sionekani popote" umeshajijibu, maana kitu halali hakihitaji kufichwa. Huo unaitwa mgongano wa maslahi, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 haikuuacha. Anayehusika na zabuni akiwa na maslahi, yake au ya ndugu yake, anatakiwa ayatamke kwa maandishi na akae pembeni. Shemeji ni ndugu, mwanangu. Makao makuu ya TAKUKURU yako mji huu huu tunaokaa.

Nilikuwa na mwenzangu kazini, mtu mpole, mcha Mungu. Aliingiza kampuni ya mdogo wake kwenye samani za ofisi. Viti vilikuwa vizuri kweli, hadi leo vipo. Mkaguzi hakuuliza ubora wa viti. Kilichomuuma mzee yule ni kwamba hakuna aliyetaka kusikia kuwa bei yake ilikuwa ya chini.

Na hata ungekuwa msafi, malipo yakichelewa hadi mwaka mpya wa fedha, lile duka la Dar litamdai nani?

Karanga za Kongwa:
Nimesogeza kigoda. Endeleeni.

Fundi Solda:
Mleta uzi, tuwekee orodha ya vipuri ulivyolipia tukushauri kwa ushahidi.

Kijana wa Nkuhungu:
Kila mashine: prosesa Core i5-10400F, bodi H510, RAM GB 8 DDR5, SSD GB 256, pawa saplai wati 500, boksi. Hakuna kadi ya grafiki, kazi ni za ofisi tu.

Fundi Solda:
Samahani wakuu, hii ni chai. Bodi ya H510 inakula RAM ya kizazi cha DDR4 tu, DDR5 haiingii hata ukiipiga nyundo, mkato wake uko sehemu nyingine. Na prosesa yenye F mwishoni haina grafiki ya ndani. Bila kadi, monita itabaki nyeusi. Mtu anayeunganisha kompyuta usiku nyumbani hawezi kuandika orodha hii. Nimepoteza muda wangu.

Karanga za Kongwa:
Nilijua. Kitengo cha ununuzi, shemeji, Juni, imekaa kama maigizo ya redio.

Mpita Njia wa Area D:
Au ni mtu anatafuta kujua wenye michezo hiyo wanajifichaje. Mstaafu, usiandike zaidi.

Mstaafu wa Makole:
Nilichoandika hata mkaguzi akikisoma sina hofu. Kama kijana yupo kweli, kimemfikia.

Kijana wa Nkuhungu:
Nipo kweli na hela yangu ni ya kweli. Orodha nimeibandika kama duka lilivyoituma. Someni juu, niliandika "tunaunganisha". Fundi ni shemeji, mimi natafuta wateja na kusimamia hela. Yeye yuko Kondoa msibani, orodha hajaiona, na duka walisema ofa inaisha siku ile ile.

Dada Steshenari:
Mimi namwamini. Mwongo angenakili orodha sahihi mtandaoni.

Fundi Solda:
Kama ni hivyo, ndugu yangu, umeuziwa mashine 12 zisizowaka. Mzigo umeshatoka Dar?

Kijana wa Nkuhungu:
Bado. Nimewapigia sasa hivi. Hela hawarudishi, wanakubali kubadilisha vipuri kwa thamani ya kianzio.

Fundi Solda:
Basi kianzio hicho kigeuze mashine chache zilizolipiwa zote, usibaki na deni. Chukua prosesa ya Ryzen 5 5600G, ina grafiki ndani, pamoja na bodi ya B550 au A520. RAM DDR4, vipande viwili vya GB 8, usichukue kimoja cha 16, maana grafiki ya ndani inatumia RAM hiyo hiyo na vipande viwili vinaipa kasi. Pawa saplai iwe ya kampuni inayojulikana, hata ya wati 450 inatosha. Wakuwashie pale pale dukani kabla hujabeba.

Kijana wa Nkuhungu:
Nimenakili yote. Hili la ofisi nitaongea na shemeji akirudi.

Mstaafu wa Makole:
Kondoa kuna mtandao. Mpigie leo, ajitoe kabla bei yake haijaingia kwenye mfumo. Na wewe kesho andika barua ya kutamka maslahi.

Dada Steshenari:
Mimi nahitaji mbili za hiyo 5600G, moja sasa, nyingine vyuo vikifungua. Shemeji ndiye aje kufunga, nimuone. Nataka risiti yenye jina la biashara, na waranti iandikwe miezi mingapi. Nimekutumia ujumbe faraghani, niambie bei pamoja na UPS.