Mwenye nyumba kakalia laki tatu zangu za dhamana, eti chumvi ya ukutani nimeileta mimi

Wakuu, nina hasira hapa nilipo, mnivumilie.

Nimekaa Mikanjuni, Tanga, miaka miwili kasoro mwezi. Chumba masta, sebule na jiko, 150,000 kwa mwezi, unatoa miezi sita kwa mpigo. Juu yake bi mkubwa akataka dhamana laki tatu: "Ukitoka nakurudishia mwanangu, hiyo hela yako." Dalali naye akala mwezi wake kama kawaida yao. Nikalipa zote, sikubishana.

Nilipohama nilitoa notisi ya mwezi mzima, nikapiga deki, nikanunua rangi nikapaka sebule, funguo nikamkabidhi mkononi. Akakagua mwenyewe, akasema nimemtunzia nyumba. Leo wiki ya tisa.

Kwanza ilikuwa mpangaji mpya hajalipa. Kwani mimi hela yangu nilimpa mpangaji? Kisha likazuka deni la umeme. Jamani, Luku! Hela ikiisha ni giza, deni linatoka wapi? Nilipomuuliza akanyamaza kidogo, ndipo akaja na kubwa lao: nimeharibu ukuta wa chumbani.

Aliyepanga Tanga anaujua ukuta huo. Chumvi inapanda kutoka chini, rangi inabanduka kama ganda la kitunguu, ukigusa plasta inamwagika kama sembe. Nimehamia nimeikuta. Nilisogeza kitanda katikati ya chumba ili nisiamke na vumbi kwenye mto, nikalala hivyo muda wote.

Kinachoniuma zaidi ni adabu yenyewe. Nampigia, "shikamoo mama", "marahaba mwanangu, watoto hawajambo?", ananiombea dua mpaka salio linakata, na hela hana. Ukipandisha sauti unaonekana hukulelewa.

Mwenyekiti wa mtaa kamwita mara mbili, hakutokea. Kwa hiyo sasa naenda mbele. Nilivyoelezwa, Baraza la Kata tangu sheria irekebishwe 2021 haliamui tena, linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30 linakuandikia hivyo, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ndiko wanakotoa uamuzi.

Kimbembe ni mkataba. Wangu ni karatasi ya steshenari, tumesaini na shahidi mmoja, ushuru wa stempu haujalipwa TRA. Ukiwa hivyo haupokelewi kama ushahidi mpaka uulipie, na adhabu juu. Yaani nitoe hela ndipo nidai hela. Sawa, nitatoa. Nyie mnaopanga leo, lipieni mapema, msisubiri kugombana.

Nilichonacho ni kikaratasi alichoandika kwa mkono wake, "300,000 ya kurudishwa", na picha za ukuta za siku niliyohamia. Hizo ni bahati tu, nilikuwa namtumia mke wangu aione nyumba.

Aliyewahi kufika Baraza la Wilaya hapa Tanga kwa jambo kama hili anieleze: lilichukua muda gani, na picha za simu walizikubali? Na wale wa "msamehe tu, ni mtu mzima" naomba mpite kimya kimya. Jumatatu asubuhi nipo kata.