Naomba ushauri: gita linatoa sauti ya matope (isiyosikika wazi) nikishusha hadi Drop C

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Ng'ambo, Unguja, napiga metali na wenzangu wawili. Gita langu lina pikapu (vinasa sauti) za hambaka, zile za koili mbili, nimelishusha hadi Drop C, yaani uzi wa sita, ule mnene, uko kwenye noti ya C na nyingine zimeshuka toni moja, kwa nyuzi za unene wa 10 hadi 46 (elfu za inchi). Nikipiga peke yangu chumbani, sauti inanifurahisha kweli. Wakiingia besi na ngoma, rifu za haraka, zile za kuzuia nyuzi kwa kiganja, zinageuka matope matupu.

Nimeshapunguza geini (kiwango cha kukwaruza sauti) kutoka 8 hadi 5 na kupandisha sauti za kati, ambazo zamani nilizikata kabisa nikidhani metali ndiyo hivyo. Hapo nimeona tofauti kubwa. Juzi nikaazima Tube Screamer, pedali ya ovadraivu (ya kukwaruza sauti), nikaiweka mbele ya amplifaya, draivu sifuri, leveli juu. Wallahi sauti za chini za gita zilikaza, kila pigo likasikika limesimama peke yake! Lakini mvumo ukazidi. Nikinyamaza tu, amplifaya inaunguruma.

Sasa geti ya kelele (kifaa cha kukata mvumo nisipopiga) niiweke mbele ya pedali, au kwenye lupu ya efekti (tundu za amplifaya za kuunganishia pedali), baada ya priampu, ile hatua ya kwanza ya amplifaya? Na nyuzi: uzi wa sita nikiupiga kwa nguvu, noti inapanda kwanza kisha ndiyo inarudi mahali pake. Nikitia 11 hadi 54 itatulia? Huku kwetu hewa ya chumvi inazitia nyuzi kutu upesi, na seti nzuri haipatikani kila siku, kwa hiyo sitaki kununua kwa kubahatisha. Aliyewahi kushusha gita namna hii anieleze alivyofanya.