Mechi nne za NFL za tarehe 22 na 23 Januari 2022: ni sarafu iliyowatoa Buffalo, au ni teke?

Yadi_Hamsini

Ndugu wanajukwaa,

Kila msimu wa mtoano unapokaribia, mazungumzo ya mashabiki wa NFL, ligi ya soka la Marekani, hurudi kwenye zile siku mbili za Januari 2022, ambapo mechi zote nne za hatua ya timu nane ziliamuliwa na tukio la mwisho kabisa uwanjani. Jumamosi Cincinnati Bengals waliwatoa Tennessee Titans 19–16, na usiku huohuo San Francisco 49ers wakawatoa Green Bay Packers 13–10. Jumapili Los Angeles Rams waliwashinda Tampa Bay Buccaneers 30–27, kisha Kansas City Chiefs wakawafunga Buffalo Bills 42–36 katika muda wa nyongeza. Jumlisha tofauti za pointi za mechi zote nne, utapata 15 tu. Kwa maoni yangu ligi hii haijawahi kutupatia wiki bora kuliko hiyo.

Ninachotaka tukijadili ni namna tunavyoisimulia. Tumezoea kuiita wiki ya makwotabeki, yaani wale wanaorusha pasi na kuongoza mashambulizi, tukitaja Patrick Mahomes (Chiefs), Josh Allen (Bills), Joe Burrow (Bengals) na Matthew Stafford (Rams), kisha tunamalizia kwa kuilaumu sarafu iliyorushwa Kansas City, iliyowapa Chiefs mpira wa kwanza katika muda wa nyongeza na kumwacha Allen pembeni hadi mechi ikaisha bila yeye kuugusa. Mimi naona kwamba wiki ile iliamuliwa na vikosi maalumu, yaani wale wachezaji wanaoingia uwanjani wakati wa mateke tu na ambao wengi wetu hatuwajui hata kwa majina. Mechi tatu za kwanza zilimalizwa na teke la goli, lenye pointi tatu, saa ikiwa imefika sifuri: Evan McPherson (Bengals) kwa yadi 52, Robbie Gould (49ers) kwa yadi 45, Matt Gay (Rams) kwa yadi 30, na wote watatu walikuwa wa timu ngeni.

Hata ile ya nne, nasisitiza, iliamuliwa na teke. Allen alimpata Gabriel Davis kwa tachidauni (kuufikisha mpira eneo la mwisho la uwanja, pointi sita) ya yadi 19 zikiwa zimebaki sekunde 13, Buffalo wakaongoza 36–33. Ikaja zamu ya teke la kuanzia, na mpira ukapigwa moja kwa moja hadi eneo la mwisho. Kwa sheria, saa haianzi kutembea mpaka mpira uguswe ndani ya uwanja, kwa hiyo Chiefs waliupokea kwenye yadi yao ya 25 zikiwa bado zimebaki sekunde zilezile 13, na taimauti zao zote tatu (nafasi za kusimamisha saa) mkononi. Laiti teke lile lingepigwa chini, mpira ukadundadunda nyasini na kumlazimisha mtu auokote, pengine zingepotea sekunde nne au tano. Badala yake Mahomes alimpa Tyreek Hill yadi 19, wakaita taimauti, akampa Travis Kelce yadi 25, wakaita nyingine, na zikabaki sekunde tatu ambazo Harrison Butker alizitumia kupiga teke la yadi 49 lililosawazisha.

Swali langu, basi, ni hili: mnakubaliana nami kwamba Buffalo walitolewa pale, kabla sarafu haijarushwa, au mnaona sheria ya wakati ule ndiyo iliyowadhulumu?

Safu_ya_Nyuma

Mkuu, umelieleza vizuri lile teke la kuanzia, na sina ubishi kwamba lilikuwa uamuzi mbaya. Lakini unaliweka mahali ambapo halistahili, kwa sababu kosa la sekunde 13 liliwagharimu Buffalo uongozi wao tu. Waliingia muda wa nyongeza wakiwa sawa, 36–36, na mechi iliyo sare haina mshindi. Kilichofuata ndicho kilichowatoa.

Tazama hali ilivyokuwa. Katika dakika mbili za mwisho za muda wa kawaida timu hizo mbili zilifunga pointi 25 kwa jumla. Buffalo, ambao safu yao ya ulinzi ndiyo iliyoruhusu pointi chache kuliko zote katika msimu ule wa kawaida, walikuwa wamechoka kiasi kwamba hawakuweza tena kumfikia Mahomes, na walinzi wa Kansas City nao hawakuwa na jibu lolote kwa Davis, ambaye alikwisha kuwafunga tachidauni nne. Ulinzi ukishakufa pande zote mbili namna hiyo, anayepewa mpira kwanza amepewa ushindi, maana kwa sheria ya wakati ule tachidauni ya kwanza ilifunga mjadala. Allen aliita upande mmoja wa sarafu, ukatokea mwingine, na baada ya yadi 75 Kelce akadaka pasi ya yadi nane. Basi.

Haikuwa mara ya kwanza. Kuanzia sheria ile ilipowekwa mwaka 2010 hadi mwisho wa msimu huo zilichezwa mechi 12 za mtoano zilizofika muda wa nyongeza, na aliyeshinda sarafu alishinda 10 kati ya hizo, saba zikiisha katika zamu ya kwanza ya kushambulia. Mahomes mwenyewe aliachwa pembeni hivyohivyo Januari 2019, New England walipowafunga Chiefs 37–31 katika fainali ya AFC, moja ya makundi mawili ya ligi, na baada ya hapo Chiefs ndio waliopendekeza kwamba timu zote mbili zipewe mpira. Pendekezo lao halikupitishwa. Ilibidi Buffalo waumie kwanza, ndipo Machi 2022 wamiliki wakapiga kura 29 kwa 3 kukubali kanuni hiyo kwa mechi za mtoano. Ligi yenyewe imekiri kwa kura kwamba pale palikuwa na dhuluma, kwa hiyo sioni kwa nini sisi mashabiki tuikane.

Jaribio_la_Nne

Naomba niliguse jambo ambalo nyote wawili mmelipita.

Teke la Gay pale Tampa lilikuwa la yadi 30. Kwa mpigaji wa kiwango cha NFL hilo ni teke la kila siku, na kusema kwamba ndilo lililoamua mechi ni kumnyima Cooper Kupp, mpokeaji pasi wa Rams, haki yake. Rams walikuwa wanaongoza 27–3 katika robo ya tatu, kisha wakaanza kuangusha mpira. Waliupoteza kwa namna hiyo mara nne katika mechi nzima, na Tom Brady akawarudisha Buccaneers hadi 27–27 zikiwa zimebaki sekunde 42, Leonard Fournette alipofunga kwa mbio ya yadi tisa katika jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho kabla ya kupoteza mpira. Timu nyingi zingekuwa zimekwisha vunjika moyo. Stafford akampata Kupp kwa yadi 20, kisha Tampa wakaleta watu wa ziada kumshambulia kwotabeki na kumwacha mpokeaji bora wa ligi akikimbia katikati bila mtu nyuma yake, naye akadaka ya yadi 44. Rams wakakimbilia mbele kujipanga, Stafford akautupa mpira chini kusimamisha saa, na kilichobaki kwa Gay kilikuwa kazi ya kawaida.

Tena katika robo ya nne Gay huyohuyo alipiga teke la yadi 47 likaishia njiani, halikufika hata kwenye mlingoti. Ikiwa wapigaji mateke ndio mashujaa wa wiki, itabidi tumwandikie na hilo. Kinachonigusa kwake ni kwamba Tampa ndio waliomchagua mwaka 2019 na kumwacha mwaka uliofuata, akarudi katika uwanja huohuo kuwatoa.

Lambeau_Daima

Mimi ni shabiki wa Packers, na mechi ya Green Bay bado inaniuma, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha.

Ndugu Jaribio_la_Nne ana haki kuhusu Tampa, lakini hoja ya Yadi_Hamsini inasimama imara kabisa pale Lambeau Field, uwanja wetu, kwa sababu safu ya ushambuliaji ya San Francisco haikufunga tachidauni hata moja usiku ule. Narudia, hata moja. Packers walifunga katika zamu yao ya kwanza, AJ Dillon akiingia kwa nguvu, na baada ya hapo kwotabeki wetu Aaron Rodgers hakuvuka tena mstari. Kabla ya mapumziko, teke la goli la Mason Crosby la yadi 39 lilizuiwa na Jimmie Ward wa 49ers. Hizo zilikuwa pointi tatu zilizokuwa mezani, katika mechi iliyoisha kwa tofauti ya pointi tatu.

Kisha likaja lile tukio. Packers wanaongoza 10–3, zimebaki dakika tano hivi, theluji inaanguka, na ulinzi wetu umetoka kuwazuia 49ers katika jaribio la nne karibu na yadi ya 19. Zamu yetu iliyofuata ikakwama, na tulichotakiwa kufanya kilikuwa kuupiga mpira mbali tu na kuwaacha wahangaike na uwanja mzima. Jordan Willis wa 49ers akapenya katikati ya safu yetu, akainua mikono, mpira ukamgonga na kupaa juu wima. Itazameni picha ile polepole: mpira unaelea, wachezaji wanageuza vichwa wakiutafuta angani kwenye theluji, na aliyeuona unapotua ni Talanoa Hufanga, ambaye ulimdundia mbele yake, akauokota karibu na yadi ya sita na kuingia nao. Ikawa 10–10. Gould alipokuja kupiga teke la mwisho, Packers walikuwa na watu 10 uwanjani badala ya 11. Timu iliyokuwa ya kwanza katika NFC nzima (kundi jingine la ligi), nyumbani kwake, katika mchezo wa mwisho wa msimu wake, haikuweza kuhesabu watu wake.

Vikosi maalumu vya Green Bay vilikuwa vinalalamikiwa msimu mzima, na uongozi ulijua, ndiyo maana baada ya hapo ulibadilisha kocha wa vikosi hivyo na kumleta Rich Bisaccia. Hatua hiyo ilichelewa. Nami namtaja Gould kwa heshima ingawa ametuumiza: katika maisha yake yote ya NFL hakuwahi kukosa teke la goli katika mechi ya mtoano.

Yadi_Hamsini

Nawashukuru wote, hasa Lambeau_Daima, kwa kuandika juu ya kidonda chake kwa uaminifu namna hiyo.

Ndugu Safu_ya_Nyuma, hesabu yako ya 10 kati ya 12 ni sahihi, nami naiunga mkono sheria mpya. Hata hivyo kumbuka kuwa mojawapo ya hizo mbili zilizobaki ilichezwa wiki moja tu baadaye, katika uwanja uleule wa Arrowhead: Chiefs walishinda sarafu tena, Mahomes akapata mpira wa kwanza, Vonn Bell wa Cincinnati akainasa pasi yake, na McPherson akamaliza mechi 27–24. Ulinzi wa Bengals ulipata njia ambayo ulinzi wa Buffalo haukuipata. Sheria mbaya ilimweka Allen pembeni, nalikubali hilo, lakini ni Buffalo waliokubali kucheza mechi ya pili, yaani muda wa nyongeza, ilhali ya kwanza walikuwa wameishinda.

Tena teke lile halikuwa peke yake. Katika zile pasi mbili, walinzi wa Bills walijipanga nyuma sana na pembeni, kana kwamba Chiefs walihitaji tachidauni na hawakuwa na taimauti. Kelce aliondoka kwenye mstari bila mtu kumgusa hata kwa bega, akaikuta nafasi ya katikati iko wazi. Makocha wa vikosi maalumu na makocha wa ulinzi walikuwa na muda wote wa matangazo kupanga sekunde 13, na mipango yote miwili ilimfaa mpinzani.

Kuhusu Kupp, ndugu Jaribio_la_Nne, hoja yako naipokea. Ile ya Tampa ilikuwa kazi yake.

Nashville_Kaskazini

Hakuna aliyeizungumzia mechi ya Tennessee kwa undani, na ndiyo yenye fundisho gumu zaidi kwa wanaoamini kwamba ulinzi hushinda ubingwa. Titans walimwangusha Burrow mara tisa akiwa na mpira mkononi, na bado wakashindwa. Pasi ya kwanza kabisa ya kwotabeki wao Ryan Tannehill ilinaswa na Jessie Bates wa Bengals, na ya mwisho, zikiwa zimebaki sekunde 20 na matokeo yakiwa 16–16, iliguswa na Eli Apple ikamwangukia Logan Wilson. Katikati ikanaswa nyingine.

Baada ya tachidauni ya Derrick Henry, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka jeraha la mguu, Titans waliacha pointi moja ya uhakika ya teke wakajaribu mbili, Henry akazuiwa. Mbele yao walikuwa na McPherson, mpigaji wa mwaka wa kwanza, aliyechaguliwa katika raundi ya tano ya uteuzi wa wachezaji wapya, ambaye siku hiyo alipiga mateke manne ya goli na yote manne yakaingia, mawili yakiwa ya zaidi ya yadi 50. Mwalimu yeyote wa Tennessee angeweza kuona tangu robo ya kwanza kwamba Bengals walikuwa na njia ya kupata pointi hata Burrow akiwa chini, na kwamba kila pointi moja waliyoiacha wao wangeidaiwa mwishoni.