Gata zinamwaga maji ukutani, naomba ushauri

Wakuu, habari za leo. Niko Mbezi, Dar, na mwarobaini wa jirani umeinamia bati langu. Juzi nimepanda ngazi nikakuta gata zimejaa tope jeusi, na mchicha umeota humo (mchicha kabisa!). Nimezoa kwa mkono, nikamimina ndoo tatu za maji: upande wa tenki bado yanatuama, yanafurika, na rangi ya ukuta imeanza kubanduka. Fundi anataka kung'oa gata zote. Mimi nahisi ni mteremko tu, vishikizo vimelegea. Nikiziinua upya kwa kamba na pimamaji, sentimita 1 kila mita 3 inatosha? Na wavu kwenye mdomo wa bomba la kushukia, unasaidia au ndiyo unazidisha kuziba? Masika hiyo inakuja.