Kipimo cha damu kinasema nina mzio wa ngano, ila mkate nakula kila siku

ChafyaDaima: Habari wakuu. Nilipimwa damu kwa sababu ya mafua yasiyoisha na macho kuwasha. Majibu: IgE (kingamwili za mzio) ya ngano 1.8, pembeni wameandika "chanya". Mkate nakula kila asubuhi tangu utotoni na tumbo halijawahi kunisumbua. Mke wangu ameshatoa jikoni kila chenye ngano. Niache kweli?

DadaMaabara: Pole mkuu. Kwa kawaida chanya huanzia 0.35, kwa hiyo hawajakosea. Ila maana yake ni kwamba mwili umetengeneza kingamwili dhidi ya ngano, basi. Hakisemi ukila utaumwa. Ngano na nyasi ni ukoo mmoja, na mwenye mzio wa chavua ya nyasi mara nyingi hukutwa na ngano chanya bure tu. Nyasi imesoma ngapi?

ChafyaDaima: 38! Hata sikuiangalia.

KobeMzee: Ndiyo mafua yako hayo. Mimi nililipia kipimo cha IgG (kingamwili za aina nyingine), nikarudi na orodha ndefu ya vyakula vya kuacha. Nikakonda bure. Daktari wa mzio akaniambia IgG inaonyesha tu ulichozoea kula.

MamaPacha: Na usiache ngano kienyeji. Wakitaka kukupima seliaki (huo si mzio, ni mwili kushambulia utumbo wake), kipimo chake hudanganya ukishakaa wiki kadhaa bila ngano.

DadaMaabara: Hujawahi kutoka mabaka ya kuwasha au kuvimba midomo? Hata mara moja?

ChafyaDaima: Mara mbili, nikiwa nakimbia. Nikasingizia nyasi za uwanjani.

DadaMaabara: Kabla ya hapo ulikula nini?

ChafyaDaima: Mkate. Duh.

DadaMaabara: Basi nusu ya maneno yangu nayafuta. Kuna mzio wa ngano unaolala mpaka ule kisha ufanye mazoezi. Aspirini na pombe nazo huuamsha. Mweleze daktari, uombe kipimo cha omega-5 gliadini (protini mojawapo ya ngano). Kwa sasa usile ngano ndani ya masaa 4 kabla ya kukimbia, na usikimbie peke yako. Ukibanwa pumzi ni hospitali saa hiyo hiyo.

ChafyaDaima: Nimempigia, ananiona Alhamisi. Kasema mpaka hapo nikila ngano nitulie. Mke anauliza kama kuosha vyombo ni mazoezi.

KobeMzee: Mwambie ni mazoezi makali sana.