Mzigo wa upepo kwenye nanga: uamini hesabu, jedwali au mizani?

Hanamu
Wakuu, naomba mawazo yenu kabla sijanunua mnyororo na amari (kamba ya nanga) mpya. Boti yangu ya tanga ina urefu wa mita 12. Nimepiga hesabu ya upepo wa noti 30, yaani mita 15.4 kwa sekunde: nusu ya 1.225 (kilo za hewa katika mita moja ya ujazo), mara kasi kwa kasi. Napata nyutoni 146 kwa kila mita ya mraba. Omo (sehemu ya mbele ya boti), kibanda, mlingoti na waya zake, pamoja na tanga la mbele lililoviringishwa, nimekadiria mita za mraba 11. Jumla nyutoni 1,600, kama kilo 165 hivi. Lakini jedwali la ABYC, baraza la viwango vya boti la Marekani, boti ya futi 40, upepo huohuo, linasema pauni 1,200. Hizo ni kilo 544! Nani kakosea?

Amari_Ndefu
Hakuna aliyekosea, ndugu. Wewe umehesabu boti iliyotulia tuli, omo kwenye upepo. Nangani boti haikai hivyo. Inayumba kulia na kushoto, na ikifika nyuzi 30 ubavu nao unakamata upepo. Mita 12 kwa kimo cha 1.2 ni mita za mraba 14.4, na kwa pembe hiyo upepo unakuta nusu yake. Ongeza 7 kwenye 11 zako: 18. Halafu kipigo cha ghafla cha noti 40. Kasi imepanda theluthi moja tu, nguvu imepanda karibu mara 1.8. Piga tena: nyutoni 4,700, kilo 480 hivi. Umeshalikaribia jedwali, na mawimbi hatujayagusa.

Joshi
Nami nipo upande wa jedwali. Lenyewe linachukulia boti iko huru kuyumba na imekingwa kiasi na mawimbi. Ukitia nanga mahali pa wazi, hata hizo kilo 544 usizione nyingi. Ila fomula ina faida yake: inakuonyesha mzigo unatoka wapi. Watu husahau waya. Mita 100 za waya wa milimita 8 ni mita ya mraba 0.8, na kwa vitu vya mviringo kama hivyo nguvu ya upepo huzidishwa kwa 1.2, si 1.

Zamu_ya_Usiku
Mimi nilipima. Nilifunga mizani ya kuning'iniza, ya tani moja, kati ya kamba ya nailoni na kishikizo cha omo, nikakaa nayo na tochi. Upepo mita 10 kwa sekunde. Omo likiwa kwenye upepo namba zilicheza kati ya kilo 50 na 70. Boti ikaanza kugeuza ubavu, kamba ikalegea kidogo, kisha ikakazwa kwa mkupuo: 160. Ikashuka. Dakika haijaisha, tena. Tangu usiku ule sichagui kifaa kwa wastani. Nachagua kwa ule mkupuo.

Hanamu
Nimeelewa, asanteni sana. Basi nguvu ya vifaa nachukua ya jedwali. Vipi, mnyororo mzito hautafyonza huo mkupuo?

Amari_Ndefu
Upepo mdogo, ndiyo, kwa sababu umelala na unainuka taratibu. Upepo mkali unaunyoosha karibu uwe mstari, na hapo haufyonzi kitu. Kinachonyumbuka ni nailoni. Weka mita 8 au 10 za nailoni, isiwe nene kupita kiasi, maana nene sana nayo inakuwa ngumu kama mnyororo.

Zamu_ya_Usiku
Na punguza kuyumba kwenyewe. Nilipotweka kitanga kidogo tezini (nyuma ya boti), mizani iliacha kuruka vile. Ukishafunga vifaa vyako vipya, azima mizani siku ya upepo wa wastani, utuletee namba za mkupuo. Ukipata za noti 15, zidisha kwa 4 upate makadirio ya noti 30.