Kazi za muda kwa vijana wa miaka 15 mpaka 17: steshenari, tusheni, saluni, boda au kuku? Tulinganishe

mjomba_wa_ukonga:
Habari za humu wakuu, poleni na majukumu. Nina vijana wawili hapa nyumbani naomba tusaidiane kuwachagulia kazi. Wa kwanza ni mpwa wangu ana miaka 17, kamaliza form four mwezi wa 11, matokeo ni mwezi wa kwanza na akichaguliwa form five anaripoti mwezi wa 7, kwahiyo ana miezi karibu saba ya kushinda na simu. Wa pili binti yangu ana 15, kamaliza mtihani wa form two yupo likizo, shule zikifunguliwa itabaki jumamosi tu.

Hela yao siihitaji, chakula kipo. Ninachotaka wasishinde bure na wajue hela inavyopatikana. Mpaka sasa kuna hizi: steshenari ya jirani anatafuta kijana, tusheni ya watoto wa msingi hapa mtaani, rafiki yake mpwa wangu ana boda anataka awe anamshikia jioni (hii roho inakataa ila yeye ndo anaitaka kuliko zote), binti anaitwa saluni na mama mmoja, na mimi nilikuwa nafikiria banda la kuku. Ipi na ipi?

mwl_kipindi_cha_pili:
Mkuu mimi ni mwalimu wa sekondari, naomba nianze na boda maana hapo ndo tunapopoteza vijana. Kijana akishazoea kushika hela kila jioni, hata ikiwa elfu tano, ukifika mwezi wa 7 ukamwambia panda basi nenda bweni ukale maharage miaka miwili anakuona unamrudisha nyuma. Nimeita majina ya waliochaguliwa kila mwaka kuna ambao hawaji, ukiulizia unaambiwa yupo kijiweni. Na sio wajinga, wengine wana division two. Kwahiyo mimi kazi ya kijana anayesubiri matokeo naipima kwanza kwa hili, je ni kazi ambayo siku ya kuripoti ikifika ataiacha bila maumivu?

Tusheni inafaulu hapo. Mpe watoto wa la tatu na la nne, wanne au watano wanatosha, saa tatu asubuhi mpaka saa sita, kusoma, kuandika imla na jedwali la kuzidisha. Asichukue darasa la saba, wale wana mtihani na mzazi atataka matokeo ambayo mtoto mwenzao hawezi kuyabeba. Wakae barazani au chini ya mti panapoonekana na kila anayepita, sio chumbani. Huku kwetu wazazi wanatoa elfu 10 kwa mtoto kwa mwezi. Malipo yachukuliwe mwanzo wa mwezi, ukisubiri mwisho utasikia "subiri baba yake arudi" mpaka shule zinafunguliwa. Na kumbuka January watoto wakirudi shule tusheni inahamia jioni na jumamosi.

DadaSteshenari:
Mie nina steshenari mwaka wa sita sasa na nimeshafanya kazi na vijana wa kusubiri matokeo wengi tu, nadhani naweza kusema ukweli wote wa upande huu.

Kwanza uzuri wake. Kijana anajifunza vitu ambavyo vitamfuata chuo, kuchapa barua kwa Word akapanga vizuri, kuskani cheti kikawa PDF kisichozidi ukubwa unaotakiwa, kuingia kwenye mifumo ya maombi akamjazia mtu fomu. Ukija msimu wa maombi ya mkopo wa chuo wa HESLB au mtu anahakiki cheti cha kuzaliwa RITA, yule kijana ndo anakuwa mtu muhimu kuliko mashine. Mmoja alikuja hajui hata kuwasha kompyuta, akaondoka anatengeneza kadi za harusi.

Sasa mabaya. Hela ni ndogo, mwenye duka mtaani anampa elfu 3 mpaka 5 kwa siku na nauli juu yake. Na kuna SHOTI, yaani hela inayopungua kwenye hesabu ya siku. Hapa mjomba usikubali kijana aanze kabla hujauliza shoti inahesabiwaje. Fotokopi ni shilingi mia, anatoa kurasa mia mbili, kumi zimekwama zimetoka nyeusi, mwenye duka anaangalia kaunta ya mashine anaona mia mbili, kwenye droo ipo hela ya mia moja na tisini. Nani analipa? Kwangu karatasi mbovu zinawekwa kwenye boksi na jioni tunazihesabu pamoja, ila kuna maduka kijana anakatwa na mwisho wa mwezi anajikuta anadaiwa. Muulize huyo jirani mbele ya kijana mwenyewe.

Na wakati wa kuanza ni sasa hivi asisubiri. Wiki ya shule kufungua January ndo vita yetu, madaftari, makava, mzazi ana list ya shule mkononi na watoto watatu nyuma. Akiwa ameshazoea bei atamudu, akianza siku hiyo atalia.

sheria_kwa_lugha_nyepesi:
Niweke ya sheria kidogo maana watu wengi wanadhani mtoto chini ya 18 haruhusiwi kabisa, na wengine wanadhani anaruhusiwa chochote. Tanzania umri wa chini ni miaka 14, na hapo ni kazi nyepesi tu isiyoharibu afya wala masomo. Ipo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na Sheria ya Mtoto ya 2009. Chini ya 18 hatakiwi mgodini, kiwandani, kuwa baharia wala sehemu yoyote yenye hatari, na shamba lenye hatari linahesabika pia. Masaa yasizidi sita kwa siku. Usiku hapana, yaani kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi.

Kwahiyo ile "boda ya jioni" ukiiangalia vizuri inaangukia kwenye hatari na kwenye usiku kwa pamoja. Na kijana ana haki ya kulipwa, hiyo ya "njoo ujifunze tu" miezi sita huku anafagia, anabeba na kuuza, hiyo sio kujifunza.

spana_namba14:
Mimi ni mtu wa boda miaka mingi na nataka niseme msiidharau, imenijengea. Ila mwalimu kasema kweli na namwambia mjomba kataa. Huyo rafiki sio mwenye pikipiki, nakuhakikishia, ana bosi na ana hesabu ya kila siku, elfu 8 au elfu 10, sasa jioni kachoka anataka deiwaka, mtu wa kumshikia kwa siku, amalizie hesabu. Maana yake mpwa wako ataendesha chombo cha mtu asiyemjua, hana leseni ya kubeba abiria na kwa miaka 17 hapewi, akigonga au akigongwa bima haimtambui na mwenye chombo atakuja kwako wewe nyumbani. Jioni ndo muda mbaya zaidi, abiria ana haraka, taa kali za magari, walevi.

Kama anapenda pikipiki kweli kuna njia nyingine hamjaitaja. Mpeleke kwa fundi. Kubadili oil, kukaza cheni, kuziba pancha, kusafisha kabureta, kupanga breki. Miezi ya mwanzo atapewa hela ya kula tu na atarudi na nguo za grisi mama yake atalalamika, ila akifika mwezi wa 5 mteja atakuwa anamuita yeye kwa jina. Na akienda form five huo ujuzi unamsubiri, likizo anarudi anashika spana. Chagua fundi mwenye kibanda chake anayefunga jioni, asiwe fundi wa kijiwe cha usiku.

mama_zuu_tegeta:
Mmemuongelea kijana mpaka basi, binti je? Mimi nina mabinti watatu naomba niongee kama mama.

Saluni sio mbaya kama watu wanavyoisema lakini sio zote sawa. December hii ndo msimu, kila mtu anataka kusuka rasta za sikukuu, na kichwa kimoja cha rasta ndogo kinaweza kuanza saa nane kikaisha saa nne usiku. Mama mwenye saluni hatamwambia binti "nenda nyumbani saa kumi na moja" wakati wateja wapo kwenye benchi. Halafu kuna maharusi, alfajiri au usiku. Binti wa miaka 15 anarudi na nani? Nenda mwenyewe ukakae pale kwa muda wa saa moja hivi jumamosi jioni, angalia nani wanaingia, kama kuna wakaka wanashinda pale kuchaji simu na kupiga stori. Utajua.

Kama binti ana mkono wa kusuka, asukie nyumbani. Wateja wake ni watoto wa majirani, twende kilioni, mabutu, vitunguu, anamaliza kichwa mchana. Kwetu mtoto anasukwa kwa elfu 2 mpaka 3. Mteja anakuja na mama yake, wewe upo jikoni unasikia kila kitu. Na shule zikifunguliwa anabaki na jumamosi yake bila kumuomba ruhusa mtu.

Kitu kingine, hela ya binti iwe ya binti. Laini ya simu siku hizi inasajiliwa kwa alama ya kidole na kitambulisho cha NIDA ambacho yeye bado hana, kwahiyo hela inaingia kwenye namba yako. Andikeni kwenye daftari. Au mfungulie akaunti ya watoto benki, zipo. Mtoto aliyefanya kazi likizo nzima akakuta hela yake imeliwa na bili ya maji kesho hatafanya tena, na atajifunza kukuficha.

mpwani_likoni:
Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu sheria ya ajira ya 2007 yasema miaka 13 hadi 16 ni kazi nyepesi tu, kwa hivyo hatuko mbali na nyinyi. Nami naongeza moja kwa binti, biashara ya mabuyu na achari. Mpwa wangu wa kike alianza akiwa umri huo huo. Sukari na maji vyachemka na rangi na iliki mpaka vianze kunata, ndipo wamwaga ubuyu wako na kugeuza haraka haraka usishikane, waanika kwenye sinia mpaka ukauke. Ukipakia ungali na unyevu wote wafanya ukungu. Apika siku moja kwa wiki, vipakiti vidogo vya bei ya watoto, dukani kwa jirani aweka kwa mkataba wa kulipwa vikiisha. Mtaji ni mdogo na hakuna anayemtuma. Kazi yenyewe ni kupiga hesabu, sukari ikipanda bei afanye nini, apunguze pakiti au aongeze bei. Hilo hakufunzwa shuleni.

kuku_na_mchicha_moro:
Banda la kuku kwa kijana anayeondoka mwezi wa 7, hapana mkuu. Broila wanauzika wiki ya tano au ya sita lakini chakula ndo kinakula hela yote, kijana anakosa mtaji katikati anaanza kuwapunja chakula. Chotara wanahitaji miezi mitatu na zaidi, chanjo za kideri na gumboro kwa tarehe zake, ukiruka moja unaamka asubuhi unakuta wamelala chali. Halafu akiondoka kuku wanabaki kwako wewe mjomba.

Kama una kaeneo mwache apande mchicha. Matuta matatu, mbolea ya kuku iliyooza vizuri, maji asubuhi na jioni, wiki tatu mpaka nne anauza kwa mafungu. Akishindwa hasara yake ni mbegu. Anaweza kufanya hii pamoja na tusheni, haigongani.

kijana_wa_kuedit (form six):
Shikamooni wakubwa. Mimi nipo likizo na kazi ninayofanya haijatajwa. Nawatengenezea wenye maduka mtaani posta (picha za matangazo) za WhatsApp na video fupi kwa simu, natumia app za Canva na CapCut. Mwenye duka la nguo anapiga picha zenyewe zina giza, mimi nazipanga, naweka bei, namrudishia. Nalipwa kwa posta, sio kwa mwezi. Inafaa kama kijana ana simu nzuri na mtu wa kumuanzisha, sio ya kutegemea mwanzoni.

Ila mwambieni mpwa ajihadhari na magrupu ya "kazi za mtandaoni" yanayodai utoe ada ya usajili kwanza au uingize watu wawili ndo ulipwe. Darasani kwetu walipoteza hela za ada ya shule. Kazi inakulipa wewe, ukiona unailipa kazi kimbia.

mjomba_wa_ukonga:
Aisee asanteni sana, nimemsomesha mpwa wangu uzi wote leo jioni tumekaa nae. Ya spana_namba14 ndo iliyomgusa, mimi nilishaongea mpaka nikachoka hakusikia, kwa mtu wa boda amesikia. Tumekubaliana hivi, ataanza steshenari mpaka mwisho wa January, nusu siku tu, nimeshaongea na jirani kuhusu shoti na amekubali mtindo wa boksi la karatasi mbovu. Kuanzia February kwa fundi, nimempata mmoja Pugu Road ana kibanda na anafunga saa kumi na mbili. Tusheni kasema hana uvumilivu na watoto, sitamlazimisha.

Binti atasuka hapa nyumbani. Mabuyu mama yake kayadandia yeye, wanabishana nani atakuwa bosi. Kuku nimeacha.

DadaSteshenari:
Safi mjomba. Mwambie siku ya kwanza aende na kalamu na kidaftari cha mfukoni, aandike bei zote kuanzia fotokopi mpaka laminesheni, wateja wa January hawasubiri mtu aulizie.

spana_namba14:
Na kwa fundi aende na nguo mbaya za akiba. Viatu vya kufunika, sio ndala. Eksozi ya moto haina huruma.